Weka mkasi chini kwanza

Swali: Shikamoo dada. Nina miaka 61, nilistaafu uhasibu mwaka jana na sasa nimetulia nyumbani Tanga. Mjukuu wangu alinionyesha picha za bibi mmoja wa Marekani, Iris Apfel, mwenye miwani mikubwa ya duara na bangili zimempanda mpaka karibu na viwiko. Nikaambiwa alipata umaarufu akiwa na miaka themanini na kitu. Tangu siku hiyo usingizi umepungua. Nimekwisha nunua miwani kama yake, haina hata lenzi. Ninalo kasha la marehemu mama lenye kanga doti 70 na zaidi, na nataka kuzikata nitengeneze mikufu na vilemba niuze. Binti yangu anasema nimechelewa, nitachekesha watu. Je, mtu anaweza kweli kuanza kazi ya ubunifu uzeeni, au yule bibi alikuwa na bahati yake tu?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Mimi nina 68, kwa hiyo shikamoo yako naipokea bila kujishaua. Swali lako nitalijibu lote, lakini naanza na jambo ambalo hukuliuliza: weka mkasi chini. Kanga za mama zikishakatwa hakuna fundi wa kuzirudisha, na kwa jinsi ulivyoandika nahisi hujajua bado umekalia nini.

Sasa tuje kwa huyo bibi.

Wanaosambaza picha zake humsimulia kama mtu aliyelala bibi wa kawaida akaamka nyota. Sivyo ilivyokuwa. Iris alizaliwa tarehe 29 Agosti 1921, Astoria, katika jiji la New York. Mama yake alikuwa na duka la nguo, baba yake na biashara ya vioo. Tangu utotoni alikuwa akipanda treni kwenda kuzurura kwenye maduka ya vitu vya kale, na bruchi yake ya kwanza, mwenyewe alipenda kusimulia, aliinunua kwa senti 65 baada ya kuitamani kwa muda mrefu. Akasoma historia ya sanaa chuoni, akafanya kazi ndogo kwenye gazeti la wafanyabiashara wa mavazi, akaolewa na Carl Apfel mwaka 1948. Mwaka 1950 mke na mume wakaanzisha kampuni yao ya vitambaa, Old World Weavers.

Hapo ndipo ningependa ukae kidogo, maana ndipo wasimuliaji wanapopita mbio. Ile haikuwa kampuni ya magauni. Kazi yao ilikuwa kufufua vitambaa vilivyokwisha kufa. Chukua mtu mwenye kiti cha karne ya 18 ambacho kitambaa chake kimeoza, kimebaki kipande cha ukubwa wa kiganja. Wao walikisoma kipande hicho: uzi gani, rangi gani, ua linajirudia baada ya inchi ngapi. Kisha wakamtafuta mfumaji mwenye mtambo na mikono ya kukitoa upya vilevile. Walisafiri nchi nyingi kutafuta vitambaa na wafumaji, na wateja wao walifika hadi Ikulu ya Marekani, ambako walihudumu nyakati za marais 9, wa kwanza Truman na wa mwisho Clinton. Kila safari, pamoja na mizigo ya kazi, Iris alirudi na vitu vyake mwenyewe: mikufu mizito ya fedha, bangili za masokoni, majoho, vitambaa ambavyo wenzake wasingevaa hata kwa kulipwa. Akavivaa. Gauni la mshonaji mkubwa wa Paris akalifunika kwa shanga za bei ya chai na andazi. Vingine akavihifadhi, na hakuvitupa.

Hayo ameyafanya kwa miaka 42. Waliuza kampuni mwaka 1992, mwaka aliotimiza miaka 71, na nje ya watu wa mapambo ya nyumba, hakuna aliyekuwa na haja ya kujua jina lake.

Miaka 13 ikapita. Mwaka 2005 idara ya mavazi ya jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, ikamfuata. Mwanzoni walitaka vito na mapambo yake tu. Wakaona mkufu uliolazwa peke yake ndani ya kabati la kioo hausemi kitu, na kwamba maana ya vitu vya mwanamke yule imo katika namna alivyovipanga mwilini. Basi wakachukua na nguo, wakavisha masanamu kama yeye anavyovaa. Maonyesho yakafunguliwa Septemba 2005, akiwa ametimiza miaka 84 wiki chache tu nyuma. Idara ile ilikuwa haijawahi kumfanyia hivyo mwanamke aliye hai ambaye si mshonaji wa mitindo. Watu wakajaa, na maonyesho yakasafiri mpaka miji mingine.

Baada ya hapo, ndiyo, mambo yalikwenda kama unavyoyaona kwenye simu ya mjukuu. Akawa mwalimu mgeni Chuo Kikuu cha Texas. Akiwa na miaka 90, kampuni ya vipodozi ya MAC ikatoa rangi za midomo kwa jina lake. Mwaka 2018 akafanyiwa mwanasesere wa Barbie. Mwaka 2019, akiwa na miaka 97, akasaini mkataba na wakala wa wanamitindo, IMG. Alifariki tarehe 1 Machi 2024 akiwa na miaka 102, na muda mfupi kabla ya hapo bado alikuwa anafanya kazi.

Kwa hiyo, mdogo wangu, unaponiuliza kama mtu anaweza kuanza akiwa na miaka 84, nakujibu kwamba Iris Apfel hakuanza akiwa na miaka 84. Mwaka ule ndio watu walipofunguliwa mlango wa stoo aliyokuwa akiijaza kwa miaka 60 na zaidi. Ukilikosea hilo utanunua miwani, utakaa barazani ukisubiri mlango ugongwe, na ghalani hamna kitu.

Kuhusu bahati: alikuwa nayo, tena nyingi, na wanaokuambia vinginevyo wanakuuzia kitu. Alikuwa na fedha. Alikuwa na mume aliyependa kumwona akipamba na aliyekuwa mshirika wake wa biashara hadi mwisho, na wawili hao hawakuwa na watoto wa kulea wala ada za kulipa. Aliishi mji ambao makumbusho kubwa iko umbali wa teksi. Mimi na wewe hatuna hayo. Ila ghala ni kitu kingine, na hapo sidhani kama amekushinda sana. Nitafika huko.

Kwanza nikupe wengine wawili watatu, usije ukadhani nimeshikilia mfano mmoja kwa sababu unanifaa.

Yuko Mwingereza wa zamani, Mary Delany, aliyezaliwa mwaka 1700. Akiwa mjane wa miaka 72 alianza kukata karatasi za rangi vipande vidogo mno na kuzibandika juu ya karatasi nyeusi mpaka zikawa maua kamili, kila petali mahali pake. Alitengeneza karibu maua 1,000, na leo yako British Museum. Ukisikia hivyo utasema ameanza na miaka 72. Lakini mikono ile ilikuwa imetarizi hariri tangu ujana wake, na macho yale yalikuwa yamechora na kuchunguza maua maisha yote. Aliacha akiwa na miaka 82 au karibu na hapo kwa sababu moja tu: macho yalikataa. Hili la macho likumbuke, nitalirudia.

Yuko Esther Mahlangu wa Afrika Kusini, Mndebele, aliyezaliwa mwaka 1935. Alifundishwa kupaka kuta za nyumba na mama yake na bibi yake akiwa na miaka 10, kwa brashi ya manyoya ya kuku, na mistari yake huivuta kwa mkono bila rula. Aliitwa Paris kuonyesha kazi mwaka 1989, akiwa na miaka 53. Miaka 2 baadaye kampuni ya BMW ikampa gari alipake michoro hiyohiyo, mwanamke wa kwanza kupewa kazi hiyo. Mwaka 2024, akiwa na miaka 88, Cape Town ilifungua maonyesho makubwa ya kazi zake za maisha. Nampenda huyu kuliko Iris, nisikufiche. Kila anakokwenda, hata Ulaya kwenye baridi, anakwenda na blanketi lake la mistari, shanga zake na pete zake za shingoni. Hajavaa hivyo ili apigwe picha. Bibi yake alivaa hivyo.

Na wetu wenyewe, Bi Kidude. Sote tulimjua kama Bi Kidude mzee, kana kwamba alizaliwa mzee. Fatuma binti Baraka aliimba na kupiga ngoma tangu utotoni Unguja, alijifunza kwa kumsikiliza Siti binti Saad, akafundisha wari unyagoni, akauza wanja na kupaka hina. Dunia ilimpa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya muziki wa dunia, kule Newcastle, Uingereza, mwaka 2005. Angalia mwaka huo: ndio uleule ambao New York walikuwa wakimfungulia Iris milango. Mmoja kwenye jumba la marumaru, mwingine akiwa na kanga yake na msondo, wote wamekwisha pita umri ambao majirani humwambia mtu "pumzika sasa". Bi Kidude alifariki Aprili 2013. Hakuna aliyejua hasa ana miaka mingapi, na sikuona kama yeye ilimshughulisha.

Sasa ghala lako.

Unasema una doti 70 na zaidi za mama. Nitakusimulia kosa langu mwenyewe ili ujue kwa nini nimekukataza mkasi. Mwaka 1989 nilirithi kwa bibi yangu kanga 14. Nilikuwa fundi kijana mwenye haraka, na wakati ule wageni walikuwa wanapenda mito ya viti iliyoshonwa kwa vitambaa vya kwetu. Nikazikata zote. Nikapata mito, nikaiuza kwenye maonyesho ya siku mbili, nikanunua cherehani ya umeme. Nne kati ya zile kanga zilikuwa na maandishi ya herufi za Kiarabu, za enzi ile kabla jina la kanga, yale maneno yake, halijaandikwa kwa herufi hizi za kizungu. Sikumwita hata mtu mmoja anisomee yalisemaje. Miaka kadhaa baadaye mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza kuhusu kanga za zamani, nikafungua mdomo kumjibu, nikajikuta sina cha kusema zaidi ya kwamba zilikuwa nyekundu. Cherehani ile nayo ilikufa siku nyingi.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ya ubunifu haina sindano. Nunua daftari kubwa. Toa kanga 1, itandaze kitandani mchana, mwanga wa dirishani, na andika. Jina linasemaje, neno kwa neno, hata kama limekosewa herufi. Pindo, ule ukingo wa pande zote, ina nini; mji, pale katikati, una nini: korosho, mkungu wa ndizi, jogoo, saa, nyota. Pembezoni mwa kitambaa tafuta maandishi madogo ya mtengenezaji. Ukiona K.H.E. Mali ya Abdulla, hiyo ni nyumba ya Mombasa iliyoanza mwaka 1887, na wazee wengi wa pwani waliinunua kwa jina kabla hata ya kutazama ua. Ukiona Urafiki, basi haiwezi kuwa ya kabla ya 1968, kwa kuwa ndipo kiwanda kile cha Dar es Salaam kilipoanza. Nyingine zitasema zimetoka India au Japani. Kanga za siasa na sherehe za taifa huwa zina tarehe waziwazi, hizo zitakusaidia kukadiria umri wa zilizokuwa chini yake kwenye kasha, kama mama alipanga kwa kufuatana.

Halafu andika ambayo hakuna kiwanda kitakachokuambia. Ilinunuliwa na nani? Aliivaa kwenye harusi ya nani, matanga ya nani? Ipi ilikuwa fumbo kwa mke mwenza au jirani, na jirani alijibu kwa kanga ipi? Ipi alijifungulia, ipi alikubebea wewe mgongoni? Wewe ni mmoja wa watu wachache waliobaki wanaojua, na shangazi na mama wadogo zako nao wanazidi kupungua. Wapigie simu wiki hii. Watu wa makumbusho wana kanga nyingi, lakini nyingi hazina hadithi. Zako zinazo, na ndio utajiri wenyewe. Kumbuka kilichowafanya watu wa New York waombe nguo pamoja na mikufu.

Kuhusu kuzitunza nitapita haraka. Usizianike juani kwa muda mrefu, usizitie kwenye mifuko ya plastiki, maana unyevu wa Tanga utazitoboa kwa ukungu. Zifunge kwenye kitambaa cha marekani nyeupe iliyofuliwa bila wanga. Kila baada ya miezi michache zikunjue na uzikunje kwa mistari mingine, la sivyo zitakatika palepale pa mkunjo. Karafuu kwenye kifuko kidogo cha kitambaa zinasaidia na hazinuki kama vile vidonge vyeupe. Kabla ya kufua yoyote, lowesha pembe na kubana kitambaa cheupe juu yake. Kikichukua rangi, acha kufua.

Sasa mikono. Wewe unataka kutengeneza, nami sikukatazi. Nunua kanga mpya za kujifunzia, na za mama chukua zile tu zilizokwisha chanika zenyewe.

Mkufu wa kanga unaanza na shanga za mbao. Kwa shanga ya sentimita 2, kata utepe wa upana wa sentimita 9, shona kimrija kwa ndani, kigeuze, dumbukiza shanga, funga fundo, dumbukiza nyingine, funga fundo. Watu wengi hukata utepe kokote kwenye kanga, ndiyo maana mikufu yao inaonekana kama vitambaa vya kufutia. Ua la mji ni kubwa mno, likizungushwa kwenye shanga linakuwa doa tu lisilo na umbo. Kata kwenye pindo. Maua ya pindo ni madogo na yanajirudia, kila shanga itapata ua lake. Kanga nyingi zitakupa tepe 2 kila upande mrefu, yaani 4 kwa kanga moja. Mji unaobaki ufanyie mfuko au mto. Na jina usilikate katikati kamwe. Nimeona kilemba mtu amekishona, paji la uso limeandikwa nusu ya neno, na nusu yenyewe ilikuwa tusi. Jina likae zima, kwa ndani ya mfuko, au kwenye ukingo wa kilemba ambapo mtu akigeuza kichwa linasomeka.

Bei najua utanipita, wewe mhasibu, lakini nimeona wahasibu wakijisahau wakishashika sindano. Tuseme doti ni shilingi 16,000, kanga moja ni 8,000, na kwa pindo inakupa mikufu 4: kitambaa 2,000 kwa mkufu. Shanga 3,000, uzi na kifungo 500. Saa 2 za kazi, na saa yako iandikie angalau 2,500. Hapo ni 10,500, na bado hujala faida wala hujamlipa mwenye duka atakayekuuzia. Ukiuza 7,000 kwa kuwa "ni mikono yangu tu", utakuwa umewagawia watu sadaka. Fidia ya macho yako na mgongo wako pia iko ndani ya ile 2,500.

Anza na vipande 12. Viuze kwa watu wasiokuwa ndugu zako, kwa sababu ndugu hununua kwa upendo na upendo hauna oda ya pili. Ukimaliza vyote ndani ya miezi 3, tengeneza 20.

Na tafadhali, kiinua mgongo kisiguswe. Nilikuwa na mwanafunzi, mama wa miaka 64, mikono mizuri kupita yangu. Alipopata mafao alichukua fremu ya duka barabarani, akalipa kodi ya miezi 6 mbele, akaweka vioo, taa, kapeti. Mwezi wa 8 akafunga. Mikono haikuwa na tatizo. Tatizo ni kwamba alilipia duka kabla hajajua nani anakuja kununua. Wewe meza ya sebuleni inakutosha mwaka mzima.

Linabaki la kuvaa, ambalo nadhani ndilo hasa lilikukosesha usingizi, na la binti yako.

Iris Apfel alisimulia kwamba alipokuwa msichana, mwanamke mwenye duka la nguo alimwita pembeni akamwambia hakuwa mzuri wa sura na hatakuwa, lakini haidhuru, kwa maana alikuwa na mtindo. Alilipokea kama zawadi, akaacha kabisa kuhangaika na uzuri. Sasa, mtindo ule ulitoka kwenye vitambaa alivyovishika kwa mikono yake. Ukivaa miwani yake na bangili zake, umevaa kanga yenye jina la mtu mwingine. Na binti yako, namwonea huruma kidogo, pengine ndicho alichokiona akacheka.

Mwache acheke. Lakini jiulize bibi zako wa Tanga walivaaje walipotoka. Sisi tulikua tukiona wanawake wa miaka 60 na 70 wakitoka jioni na wanja machoni, kikuba cha asmini na rehani kifuani, kanga mbili zilizopigwa pasi mpaka zinakatika, harufu ya udi inafika kabla yao. Hakuna aliyewaambia wamechelewa. Hii habari kwamba mwanamke akistaafu avae rangi ya vumbi na akae kimya sijui tumeiokota wapi. Kwenye kasha lile mna zaidi ya nguo za kuuza. Mna jibu la utavaa nini Ijumaa. Za mama ambazo bado imara, chache, zivae. Kanga iliyofungiwa tu miaka 30 nayo hufa.

Binti mpe kazi. Simu yake ina kamera nzuri kuliko yangu na yako. Akupigie picha kila kanga ikiwa imetandazwa yote, pindo 4 zinaonekana, kisha picha ya jina peke yake, kisha ya maandishi ya mtengenezaji. Doti kumi kwa siku, kwa wiki na siku kidogo mmemaliza. Wakati yeye anapiga wewe unasimulia, naye asizime kinasa sauti. Sina hakika kama atabadili mawazo, mabinti wana vichwa vyao. Ila atamjua bibi yake. Kumi za kwanza mnitumie.

Ile miwani usiirudishe. Iris mwenyewe alikuwa akiokota fremu kwenye magulio na kuzivaa hivyohivyo bila lenzi, kama pambo. Umri ulipofika na macho yakahitaji msaada, fremu zilikuwepo, akazitia lenzi. Ipeleke yako kwa daktari wa macho, apime, aweke za kusomea za nguvu yako. Mrija wa pindo unashonwa kwa mishono midogo sana, na sindano namba 9 tundu lake halionekani baada ya saa 11 jioni.